Taa Isiyomuumiza Nyanya Macho

Mwandiko wangu unapanda na kushuka, na kuna maneno ambayo sina hakika yanaandikwaje. Nilisoma hadi darasa la nane, na naandika polepole. Mnivumilie.

Mimi ni mhudumu wa afya wa kujitolea huku Sagalla. Natembelea wagonjwa nyumba kwa nyumba, na mtu akianguka au akiumwa na nyoka, namshughulikia hadi bodaboda ifike. Mwaka jana nilikuwa namsafisha kidonda nyanya mmoja jirani yetu. Ana ugonjwa wa sukari, na kidonda kilikuwa kwenye unyayo. Nyumba yake ina dirisha moja dogo, na kutoka nje hakutaka, kwa sababu ya vumbi na macho ya watu. Kwa hiyo hata saa nne asubuhi nilihitaji mwanga, na mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

Niliazima taa ya kichwani kwa jirani anayelinda mahindi yake dhidi ya ndovu. Ilikuwa nzito, na kali kama ya gari. Kila nilipoinua uso kumuuliza nyanya kama anaumia, ilimpiga machoni. Siku ya tatu akavuta mguu, akaufunika kwa leso.

"Unanimulika kama fisi," akasema. "Mguu ni wangu. Uache."

Muuguzi wa zahanati aliniambia wazi kwamba kidonda kile kikiachwa, huenda mguu ukakatwa. Kesho yake nikashuka mjini Voi, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kutafuta taa nyingine.

Mwenye duka alinitolea kubwa kwanza. Akasema nikiiwasha pale, wataniona hadi Sagalla. Nikamwambia sitaki kuonekana, na watu wakacheka.

Huwa naona haya kuongea dukani. Lakini siku hiyo nilimwomba akae awe mgonjwa wangu. Akakaa juu ya mfuko wa saruji, akavua kiatu; soksi ilikuwa na tundu. Nikawa navaa taa moja baada ya nyingine na kuinama. Ile yenye betri kubwa nyuma iliteleza hadi puani pamoja na kitambaa changu cha kichwa. Mteja aliyekuja kununua misumari akaniuliza kama nimeangusha pete.

Kisha nikaonyeshwa yenye mwanga mwekundu, ambao hausumbui macho. Karibu niichukue. Lakini nilichora mstari kiganjani kwa kalamu nyekundu, nikaumulika, na mstari ukapotea. Nikafikiria damu. Nikairudisha.

Niliyochagua ni nyepesi, unaweza kusahau umeivaa. Inatumia betri ndogo zinazopatikana hata kwenye duka la huku juu. Inainamishwa kwa kidole, shingo ikabaki wima, na ukiiwasha inaanza na mwanga hafifu. Nilimuuliza mwenye duka kama unamchoma macho. Akanitazama usoni.

"Hii sawa, dada. Sasa nakuona wewe."

Jioni hiyo nyanya aliitikia hodi kwa shingo upande. Nikaketi chini, nikaiwasha ikiwa mkononi, nikaielekeza sakafuni ili aione. Nikamwambia akisema nizime, nitazima. Aliutazama ule mwanga sakafuni. Kisha akasogeza leso, vidole vikatokea, halafu mguu wote.

Nikaivaa kichwani, nikasafisha taratibu. Nilipoinua uso kumuuliza kama anaumia, nilimkuta ananitazama, macho wazi.

"Kumbe una kovu kidevuni," akasema. "Ulianguka wapi, mjukuu wangu?"

Nikamsimulia huku nikifunga bendeji. Siku zilizofuata nilikuta mguu umeshatolewa kwenye leso kabla sijafungua mkoba. Sasa kidonda kimebaki kama ukucha wa kidole kidogo, na anatembea mwenyewe hadi jikoni.

Kama na wewe unafunga vidonda kwenye nyumba zenye giza, tafadhali niandikie. Niambie unafanyaje taa isiteleze juu ya kitambaa cha kichwa, maana yangu huteleza nikitoka jasho. Nitakujibu, hata kama nitachukua siku kadhaa kuimaliza barua.