Onyo la Mtani

Nilipokuwa mtoto, kichwa kikubwa na miguu kama mishikaki (kichwa kimebaki, tumbo limekifuata), palikuwa na bonde chini ya kijiji chetu cha Uluguru ambako hatukuruhusiwa kuchunga hata mbuzi mmoja. Zamani ng'ombe wa misafara waliofia njiani walifukiwa pale. Bibi, mzaa mama, alisema kiangazi kikirefuka, kisha mvua ya kwanza ikashuka kwa hasira, ng'ombe wa chini huwaita wa juu. Wazee waliamini, mimi niliamini kuwapita, maana nilikuwa mwoga.

Siku hizo Mdachi alikuwa akiisogeza reli mbele ya mji wa Morogoro, na msimamizi wa vibarua alikuwa Maganga, Mnyamwezi mwenye ng'ombe wake mwenyewe na kiboko cha serikali. Alimtaka mjomba Mkude, kaka yake mama, atoe mbuzi wa kitoweo cha kambi. Mjomba akawaficha. Akachapwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, mbele yetu, mbuzi wakaenda vilevile, naye akatiwa kwenye kazi ya reli. Kwetu mjomba ndiye nguzo ya ukoo. Bibi hakulia. Alimpaka mafuta mgongoni, akasema Mungu hana haraka, na yeye pia hana.

Kiangazi kile kikakataa kwisha. Nyasi zikakauka kila mahali isipokuwa bondeni, Maganga akashusha ng'ombe wake huko. Wakala mpaka mizizi, wakaramba na udongo. Mawingu yalipoanza kuvimba juu ya milima, mama akasema tunyamaze, potelea mbali. Bibi akakataa: mtu huonywa. Akanishika mkono, tukaenda kambini.

Sasa, Mluguru na Mnyamwezi ni watani. Hutukanana na kunyang'anyana kofia hata msibani, na anayekasirika ndiye mwenye aibu. Bibi alilijua hilo vizuri mno. Akajifunga kanga kiunoni, akatafuta sauti yake ya utani.

"Mtani, mgongo wa mizigo wewe, toa ng'ombe wako bondeni kabla ya mvua. Wafu wa chini wana njaa ya wajinga."

Kambi nzima ikacheka. Maganga akafuta machozi. "Wivu huo, bibi. Njoo nikuoe, tuchunge wote."

"Nimekwambia, mtani."

Njiani nikamwuliza kwa nini hakusema kwa uso wa kawaida. Akajibu kwamba amesema kweli tupu, masikio ni ya mwenyewe.

Mvua ikapiga, maji yakatuama bondeni, kisha jua likawaka. Ng'ombe wakaanza kuanguka wamevimba, damu nyeusi isiyoganda ikiwatoka puani. Nyumbani tulishangilia, na mimi nilicheza ngoma isiyo na mpigaji. Halafu ikaja habari kwamba Maganga, kwa kukataa hasara, ameshika kisu anachuna mwenyewe, na nyama itapikiwa vibarua. Mjomba alikuwa miongoni mwao.

Sijaona tena mzee akikimbia vile. Bibi alikuta vyungu vinachemka, vibarua wamekaa na majani ya mgomba mapajani. Akavipindua kwa mpini wa jembe, kimoja baada ya kingine, akamwaga majivu juu ya nyama. Maganga akainua kiboko. Wanyamwezi wenzake wakamtazama: atampiga mtani? Mkono ukashuka. Mjomba alilala na njaa, lakini aliamka.

Maganga akatokwa na kidonda cheusi mkononi, kisichouma. Akakicheka. Mkono ukavimba hadi shingoni, akafa. Watani ndio huzika, tukazika sisi, watani ndio huchekesha, Bibi akasimama kaburini: "Mtani, sikukwambia?" Watu wakaangua kicheko. Yeye peke yake hakuwa akitania.

Tangu hapo nimetembea hadi Aden na Bombay, nikichekesha watu kwa ujira wa sahani ya wali. Daktari mmoja wa mifugo alinieleza kwamba kimeta, maradhi yaliyowaua ng'ombe wale, hulala udongoni miaka mingi, kikingoja ukame uishushe midomo ya ng'ombe hadi mchangani, na mvua ikiinue. Basi udongo ule haukumjua Maganga wala mgongo wa mjomba. Ungeua mbuzi wetu kwa moyo uleule. Kisasi kilikuwa chetu. Tulimpelekea kwa adabu zote za utani, naye akakipokea akicheka. Nikikumbuka kicheko kile, hucheka kwanza. Kunyamaza huja baadaye.