Katuni ya Hesabu Mikononi mwa Afande

Wiki hii nilikuwa katika ofisi ya sekondari moja ya Naguru, nikingoja ripoti ya mpwa wangu, akaingia mama mmoja askari polisi aliyevaa sare. Akambwagia mwalimu wa hesabu kijitabu mezani.

"Mwalimu, mimi naleta mtoto asome hesabu, wewe unampa katuni?"

"Afande, soma ukurasa mmoja tu," mwalimu akamsihi.

Akasoma akiwa amesimama. Kwenye katuni, muuza chapati alikuwa akihangaika kutafuta thamani ya x. Mama akacheka, akajikaza, akafunua ukurasa wa pili. Kisha akavuta kiti, akachomoa kalamu na kukokotoa kwenye kiganja chake.

"Hii x ni saba?"

"Ni saba, afande."

"Banange, jamani! Mimi niliacha shule sababu ya hii x."

Mwalimu akatabasamu, akidhani ameshinda. Afande akainuka, akakitia kijitabu mfukoni.

"Hii nakaa nayo mimi. Mtoto mpe kitabu cha kawaida. Shule si mchezo."

Basi binti amerudishiwa kitabu kilekile kilichomshinda mama yake. Ndivyo tulivyo wazazi: jambo likieleweka upesi, tunasema hilo si somo.