Bakuli la Saidi

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya baridi hapa Karatu, miaka michache baada ya Uhuru, ukungu umeshuka mpaka mlangoni mwa duka la baba. Kaka yangu Saidi tulikuwa tumemzika juzi yake. Homa ilimchukua upesi. Tangu jeneza litoke, mama hakutia kitu mdomoni, na sisi tuliogopa hata kulitaja jina la marehemu mbele yake.

Nyuma ya duka alipanga Mzee Lim, fundi saa, Mchina pekee mji mzima. Kila mwaka aliagiza Mombasa mchele wa kwao, ule unaonata. Aliutwanga kwenye kinu chetu, akakanda unga, akatufundisha mimi na Saidi kuviringa vidonge vyenye ufuta na sukari ndani. Vikishachemshwa tulivila na maji yake matamu, sote pamoja, maana kwao haviliwi na mtu peke yake. Saidi alivimeza bila kutafuna, mlafi yule, Mungu amrehemu.

Asubuhi ile Mzee Lim akaja na sinia ya vidonge vile. Bakuli la baba, la mama, langu na lake. Na moja zaidi. Baba akaliona, akakunja uso.

"Mzee Lim, mtoto tumeshamzika. Hili la nani?"

"La Saidi," akasema taratibu. "Kwetu, mtu hayupo, bakuli yake ipo."

Baba alishamshika mkono amtoe nje. Mama akainuka mkekani.

"Baba Saidi, mwache. Tangu juzi hakuna aliyenitajia mwanangu."

Akalivuta bakuli lile, akala huku machozi yakidondokea humo. Nami ndipo nikaweza kulia.

Mzee Lim naye alifia hapa hapa, bila ndugu. Mwaka uliofuata mama alijaribu vidonge kwa mchele wetu wa kawaida. Vikavunjikia majini, vikawa uji. Akaugawa hivyo hivyo, na bakuli la Mzee Lim akaliweka karibu na la Saidi.

Basi mwanangu, ukienda msibani usijifanye kana kwamba aliyekufa hakuwahi kuishi. Mtaje. Waliofiwa hawajamsahau, wanangoja mtu wa kuzungumza nao habari zake. Mungu akujaalie nyumba iliyojaa watu, na siku atakapopungua mmoja, akuletee jirani asiyeogopa kubisha hodi na bakuli la huyo aliyeondoka.