Kiti cha Mama Mkwe Kilivyofupika

Mimi sikusomea kuchomelea vyuma. Sikusomea chochote, kusema kweli. Darasani nilikaa mpaka kwenye hesabu za kugawanya, nikaona zinanigawanya mimi, nikaondoka. Lakini mwishoni mwa miaka ya sabini, wakati Donholm, hapa Nairobi, bado ni nyasi na ng'ombe, nilipatwa na shida: mama mkwe alikuwa anakuja Jumamosi, na nyumbani hakukuwa na kiti cha kumkalisha.

Viti vilikuwepo, ila nilikuwa nimevikalia vyote. Kwetu mama mkwe hakalii kiti cha mkwewe. Ni aibu, ni kama kapakatwa. Mara ya kwanza alipokuja alisimama tangu chai mpaka ugali, kaegemea dirisha kama askari jela, na mke wangu akalia wiki nzima.

"Safari hii akisimama, Baba watoto," akaniambia, "naondoka naye, nikasimame huko kwetu."

Sasa, nyuma ya nyumba zetu za kaunsili, jirani yangu, fundi kutoka Nyeri, alikuwa na banda la mabati. Ndani mna mtungi wa oksijeni na pipa alilojiundia mwenyewe, la kutilia mawe ya kabidi na maji ili kupata gesi. Kabidi inanuka kama kitunguu saumu kilichooza. Mkewe alikuwa akimwogesha nje, kama ng'ombe wa maonyesho. Lakini hayo ni yao.

"Nifundishe, nitengeneze kiti," nikamwambia.

"Kabla ya Jumamosi? Jirani, hata kuku hulalia mayai zaidi ya hapo."

Akanivisha miwani nyeusi. Nikafungua gesi, nikawasha, nikasahau oksijeni. Moshi ukapanda mweusi tii, masizi yakaelea kama manyoya, yakatua kwenye shuka za mama wa nyumba ya tatu, zilizokuwa kwenye kamba. Aliyoniambia siwezi kuyaandika, maana siku hizi nimeokoka.

Basi oksijeni ikafunguliwa, nikaushika ule moto. Vyuma vyenyewe vilikuwa mabomba ya maji yaliyotupwa. Fundi alisema kazi yote ni mkono kutembea: chuma kikiyeyuka na kung'aa kama kidimbwi, sogea. Lakini kile kidimbwi, jamani, ni kizuri! Mimi nakikodolea macho, na puu! Shimo. Fundi anaukata mguu pale juu palipotoboka, halafu anakata miguu mingine mitatu ilingane na huo. Tunaanza upya. Puu!

"Jirani, hiki kiti unakichomelea au unakila?"

Ijumaa jioni kiti kilisimama. Nasema kilisimama kwa kukistahi tu, maana hata gotini hakikunifikia. Kukijaribu mwenyewe nisingeweza. Ningekikalia kingekuwa changu, na kazi yote bure. Fundi akakipandishia gunia la mchanga. Kikashika.

Jumamosi mama mkwe akaingia, mwanamke mpana, akakitazama.

"Hakijakaliwa?"

"Hakijakaliwa, mama," nikajibu kutoka mlangoni, macho chini kama inavyotakiwa.

Akaanza kushuka. Akashuka. Akaendelea kushuka. Mke wangu akafumba macho. Kiti kikasema kwiii, kikanyamaza. Kikambeba.

Nikahema, nikavuta kiti changu cha zamani niketi kule kona. Mke wangu akanifinya. Nikakumbuka: mkwe haketi juu kuliko mama mkwe. Na katika nyumba ile hapakuwa na kitu cha kukalia ambacho hakikuwa juu yake, hata debe la maji. Nikakaa sakafuni.

Fundi akaja kuona kazi imeendaje. Akanikuta chini, akadhani ndiyo mila yetu, naye akaketi chini. Wazee wa kanisa wakaja kumsalimu mgeni, wakatutazama, wakakunja suti zao wakashuka. Meza ikakosa kazi. Tukala ugali na kuku sakafuni, miguu tumeinyoosha kama watoto wa nasari.

Mama mkwe akatuangalia sote, akafuta mdomo, akamgeukia binti yake.

"Nilisikia Nairobi watu wamepoteza heshima. Kumbe walikuwa wanawasingizia! Hapa nitakuja kila mwaka."

Mke wangu akacheka mpaka akamwaga chai. Hata neno la kwenda kusimama kwao sikulisikia tena.

Fundi akanisogelea, akaninong'oneza, "Jirani, miguu imekufa ganzi. Ungetoboa shimo moja tu zaidi, leo tungechimba sakafu."