Marashi ya Sébastien

Jumanne ile ndiyo iliyomtia Godelieve wasiwasi. Mumewe Sébastien, ambaye kazi yake ilikuwa kupaka grisi magurudumu ya mabehewa kwenye stesheni ya Albertville, alirudi kutoka kazini, akaoga kwa sabuni mara mbili, kisha akatoka chumbani ananukia vanila na karafuu. Harufu tamu, ya joto. Katika miaka kumi na miwili ya ndoa Godelieve hakuwahi kuisikia.

"Unaenda wapi, Papa?" mkewe akamwuliza.

"Kusalimia rafiki," akajibu bila kumtazama.

Alhamisi ikawa vilevile. Rafiki gani huyo wa kusalimiwa kwa marashi? Mwaka ulikuwa 1963. Wabelgiji wengi wa reli walikuwa wameshaondoka, wanaume wa mjini wanapewa vyeo vipya, na wengine, pamoja na cheo, walijitafutia mke mpya. Godelieve alikuwa ameyaona kwa majirani wawili.

Ijumaa akaenda sokoni kwa Mama Pascasie, aliyeuza marashi yaliyovushwa ziwani kutoka Kigoma. Hakuuliza moja kwa moja. Alinusa chupa moja moja mpaka akaifikia ile yenyewe.

"Hii nani ananunua?"

"Ni ya wanaume, ya kujipaka magaribi wakitoka," Mama Pascasie akasema. "Kuna papa mumoja alinichosha! Ya limau, hapana. Ya maua, hapana. Hii akajipaka mukononi, akazunguka soko yote, akarudi kuinusa tena. Akaniuliza eti, mutu akikaa karibu yangu muda murefu, atasikia harufu gani?"

Karibu yangu. Muda mrefu. Godelieve alirudi nyumbani na maneno hayo, hata chakula kikamshinda.

Jumanne iliyofuata akamfuata mumewe kwa mbali. Sébastien alipanda njia ya misheni, akapita nyumba za makarani, akaingia chumba chenye dirisha wazi. Humo mwanamke alikuwa akicheka. Godelieve akajifunga kitenge kiunoni, tayari kwa ugomvi, akachungulia.

Wanaume na wanawake kama kumi na watano walikuwa wamebanana kwenye madawati ya watoto. Mwalimu alimnyooshea Sébastien fimbo, kisha akaielekeza ubaoni. Sébastien akasimama, jasho linamtoka, akasoma neno la Kifaransa la stesheni: "La... ga... re."

Godelieve akaduwaa. Mtu huyu kila Jumapili alishika gazeti, akifunua kurasa!

Akamngoja nje mpaka wakatoka.

"Kwa nini hukuniambia? Mimi nilisoma kwa masista, ningekufundisha."

"Hiyo njo sababu yenyewe," Sébastien akasema. "Wewe unajua. Nilisikia haya." Wakatembea kidogo. "Reli wanatafuta makarani, Mama. Lakini siku ya kwanza darasani, kabla ya marashi, mwenzangu alisogea mpaka mwisho wa benchi. Harufu ya grisi haitoki, hata uoge namna gani."

Godelieve akamwonea huruma, akalegeza kitenge polepole asije akaonekana.

"Marashi unajipaka mengi mno," akasema baadaye. "Kidogo tu nyuma ya masikio, uache yakauke." Kisha, walipokaribia nyumbani: "Na yule mama aliyekuwa anacheka, anakaa wapi?"

"Mbele kabisa. Mimi niko nyuma, na Papa Adalbert."

"Sawa."

Alhamisi, hata hivyo, alimsindikiza mwenyewe hadi mlangoni, akamsalimu Papa Adalbert kwa adabu, na hakuondoka mpaka alipoona kila mtu ameketi mahali pake.