Seleri Niliyomnyima Baba

Seleri, mboga ya saladi, hutufikia ikiwa imeoshwa na kukatwa vijiti, kwenye pakiti zilizofungwa kutoka Naivasha. Kazi yangu ilikuwa rahisi kwenye karatasi: pakiti ziingie friji mara zinapofika, zilizotangulia zitumike kwanza, na joto la friji lisizidi nyuzi tano. Likizidi kwa saa nyingi, tupa. Karatasi hiyo ilibandikwa mlangoni pa friji, na aliyeibandika ni mimi.

Jumatatu moja nilifika jikoni, pale hospitalini Nakuru, nikakuta kipimo kinasoma kumi na mbili. Stima ilikuwa imepotea tangu jioni iliyotangulia, na jenereta ilibeba wodi na chumba cha upasuaji tu. Nyama na maziwa nilitupa bila kusita. Mbele ya seleri nikakwama. Nimezaliwa Kuresoi, kwa watu wanaokata sehemu mbovu ya kiazi na kupika iliyobaki. Mama yangu aliuza mboga sokoni Molo. Sukuma ikilegea, aliinyunyizia maji ikaamka. Basi nikafungua pakiti. Vijiti vilikuwa vimelegea, na kwenye ncha nilihisi utelezi kidogo. Nikazikata ncha hizo, nikaviloweka kwenye maji baridi ya mfereji. Baada ya muda vilivunjika kwa mlio, kama vipya. Nilifurahi, na furaha ile ndiyo inayonitia aibu hadi leo.

Saa sita tukapakua saladi ya wodi ya mifupa, kila sahani na seleri yake. Baba yangu alikuwa amelazwa humo, amevunjika nyonga baada ya kuteleza shambani. Nilipofika kwenye sahani yake, niliiruka. Nikamchotea supu ya moto. Kwa miaka nimejiambia kwamba sikuwaza. Niliwaza.

Nikampelekea mwenyewe. Jirani yake wa kitanda, mzee mwembamba ambaye sikuwahi kuona mtu akija kumtazama, alikuwa anamalizia kutafuna. Baba akaitazama sahani ya mwenzake, akaitazama yake.

"Mbona mimi umenipea supu, na hawa wote wako na saladi?"

Nikaanza kukusanya sahani, kitanda baada ya kitanda, nikidanganya kwamba chumvi imezidi. Wengi hawakuwa wamegusa chochote. Ya yule mzee ilikuwa tupu.

Msimamizi wa jikoni nilimweleza kuhusu friji na saladi, akanikaripia, nikastahili. Kuhusu supu ya baba nilinyamaza. Kwa siku tatu nilipanda wodini kabla hata ya kuvaa aproni, nikimwuliza nesi kama mzee ametapika, kama anaharisha, kama amepata homa. Nilikuwa na hofu ya kweli, na baba aliniona nikiuliza. Hakuniuliza tena jambo lolote.

Mzee hakuugua. Siku ya nne aliruhusiwa kwenda nyumbani, akajikokota na magongo yake hadi mlango wa jikoni ili anishukuru.

"Mami, ile mboga ilikuwa tamu sana," akasema. "Nimemwambia baba yako ako na bahati, msichana wake anatulisha sisi wote kama yeye. Lakini aligeukia ukuta tu."