Tonge la Mzee wa Kwenye Matete

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, maana haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, kwenye Ziwa Kitangiri.

Mchumba wangu Elia, Mnyiramba wa huko, alinipeleka nikaone ziwa la kwao kabla ya harusi. Tangu asubuhi alipiga kasia bila haraka, mtumbwi ukifuata mfereji wa zamani ambao babu zao waliukata katikati ya matete. Raha tupu! Njaa ilipouma tukasimama, nikafungua ugali wa mtama na mlenda.

Pale kwenye matete alikuwepo mzee mmoja, maji yakimfika kiunoni. Tukampa shikamoo.

"Karibu chakula, babu," Elia akasema, maana kwao hawali bila kumkaribisha anayewakuta. Kwa kawaida mtu hujibu asante, endeleeni. Huyu alikuja.

Niamini, alipanda na mtumbwi haukutikisika hata kidogo. Alinuka tope na kambale aliyeoza. Akatumbukiza mkono kwenye bakuli, mkono usio na kucha hata moja, ukatoka na ute mzito kuliko mlenda wenyewe. Akakata tonge, akalifinyanga, akampelekea Elia mdomoni.

"Pokea, mjukuu wangu."

Nilimfinya Elia, nikatikisa kichwa. Lakini kwao nani anakataa tonge la mzee? Akafumba macho, akalimeza. Mzee akateremka majini, maji yakamfunika, na hakuibuka tena. Nilitapika mpaka nyongo.

Tangu siku ile viganja vya Elia vinatoa ute. Anafuta, unarudi. Alinawa kwa sabuni, kwa majivu, kwa ndimu. Hospitali hawakuona kitu, wachungaji wakaomba wakachoka. Nilijikaza, kwa sababu nilimpenda mno. Ila siku ya harusi tukaambiwa tushikane mikono, na kile kiganja cha baridi kikateleza ndani ya changu, harufu ikiwa ile ile. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nikauchomoa mkono wangu mbele ya kanisa zima, nikatoka mbio huku najifuta kwenye shela.

Mpaka leo sijaolewa, na mlenda ukipikwa natoka nje. Wewe ukipita majini kule, kula kimya kimya. Watakuita mchoyo, waache wakuite. Sisi tungeitwa wachoyo siku ile, leo ningekuwa na mume.